Kisa Nyuma ya Wimbo: "Bohemian Rhapsody" na Mipaka ya Uhakiki wa Kiwasifu

Utangulizi

Wimbo ukishavuma, wasikilizaji huanza kuulizia kisa chake. Nani aliyeimbiwa? Mtunzi alipatwa na nini hata akatunga vile? Katika pwani ya Afrika Mashariki maswali haya ni ya kawaida, na aghalabu hupata majibu. Wimbo wa Siti binti Saad uitwao "Kijiti", kwa mfano, ulitokana na mauaji ya mwanamke yaliyotokea Unguja, na jina la mtuhumiwa ndilo jina la wimbo. Tukio lilikuwa mali ya mji mzima. Wimbo uliliweka tu mahali ambapo halingesahaulika. Msomi aliyezoea utamaduni wa aina hii hushawishika kuamini kwamba kila utungo una tukio lake, na kwamba kazi ya mhakiki ni kulifukua tukio hilo.

Makala haya yananuia kuupima ushawishi huo kwa kuuchunguza wimbo ambao kisa chake kimetafutwa kwa muda wa karibu nusu karne: "Bohemian Rhapsody" wa bendi ya muziki wa roki ya Queen, uliotolewa Uingereza tarehe 31 Oktoba 1975. Wimbo huu unamhusu mhakiki wa Kiswahili kwa njia mbili. Kwanza, mtunzi wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja. Pili, katikati ya maneno yake ya Kiingereza na Kitaliano limo neno la Kiarabu ambalo watu wa pwani hulitamka kabla ya kutia tonge kinywani, nalo ni Bismillah. Kutokana na mambo haya mawili pamezuka usomaji unaoufanya wimbo kuwa kumbukumbu ya Zanzibar iliyofichwa. Hoja ya makala haya ni kwamba usomaji huo, pamoja na ule mwingine unaoufanya wimbo kuwa ungamo la siri za mtunzi, hauthibitishwi na matini. Kisa kinachoweza kuthibitishwa ni kile cha jinsi wimbo ulivyotungwa, na kisa hicho ndicho chenye manufaa zaidi kwa mhakiki.

Mtunzi na Safari Yake

Freddie Mercury alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika mji wa Zanzibar akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka Gujarati, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake alikuwa mwajiriwa wa serikali ya kikoloni akihusika na fedha katika Mahakama Kuu. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's, mjini Panchgani, India. Huko ndiko alikojifunza piano na kuanza kuitwa Freddie. Alirejea Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza na kukaa Feltham, magharibi mwa London. Alisomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, akamaliza mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaungana na Brian May na Roger Taylor kuunda Queen. John Deacon alijiunga nao mwaka 1971.

Muhtasari huu unaonyesha jambo ambalo wanaomdai Mercury kuwa Mswahili huliruka. Miaka aliyoishi Unguja ilikuwa ya utotoni na ya ujana wa mapema, na kati yake palikuwa na takriban miaka minane ya India. Aliishi katika jamii ndogo ndani ya mji wenye jamii nyingi. Bila shaka alizisikia adhana, taarabu na lugha ya mitaani. Mtoto wa Mji Mkongwe asingeweza kuziepuka. Lakini kusikia si sawa na kurithi mapokeo ya utunzi, na katika mahojiano yake ya hadhara Mercury hakuzoea kuizungumzia Zanzibar. Mhakiki anayetaka kuipata Unguja ndani ya wimbo lazima aipate humo, si katika cheti cha kuzaliwa.

Jinsi Wimbo Ulivyotungwa

Kurekodi kulianza tarehe 24 Agosti 1975 katika studio ya Rockfield, karibu na mji wa Monmouth, Wales, na kukaendelea katika studio nyingine. Hata hivyo, utungo wenyewe ulikuwa umeanza zamani. Rafiki wa Mercury wa miaka ya chuoni amesimulia kuwa mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na kipande cha wimbo walichokiita wimbo wa mchunga ng'ombe, ambacho baadaye kiliingia humo. Mwaka 2023 miswada yake iliponadiwa mjini London na kampuni ya Sotheby's, ilibainika kwamba aliyaandika maneno kwenye karatasi za kalenda ya mwaka 1974 ya shirika la ndege la British Midland. Ilibainika pia kwamba aliwahi kuuita wimbo wake "Mongolian Rhapsody", kisha akalikata neno la kwanza na kuandika jingine juu yake.

Ufutaji huo mmoja una uzito kwa mhakiki. Kwa muda mrefu neno "Bohemian" limechukuliwa kuwa ufunguo: kwamba mtunzi alikuwa akitangaza maisha ya wasanii wasiofuata kaida za jamii. Mswada unaonyesha kwamba palikuwa na wakati ambapo Mongolia ilitosha kuikalia nafasi ileile. Silabi za maneno haya mawili zinakaribiana kwa idadi na mlio. Inaelekea kwamba mtunzi alisikia mapigo kabla ya kuichagua maana, jambo ambalo mshairi yeyote aliyewahi kutafuta neno la kutimiza mizani atalitambua mara moja.

Mtayarishaji wa santuri hiyo, Roy Thomas Baker, amesimulia kwamba Mercury alimpigia sehemu ya mwanzo kwa piano, akasita, kisha akamweleza kuwa pale ndipo opera itakapoingia. Hakukuwa na opera bado. Kulikuwa na nafasi yake tu. Sehemu hiyo, ambayo haizidi sana dakika moja, ilichukua takriban wiki tatu. Mercury, May na Taylor waliimba kwa saa nyingi kila siku, wakirekodi sauti juu ya sauti. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni tabaka 180. Mitambo ya wakati huo ilikuwa na njia 24 tu. Kwa hiyo ililazimu sauti kadhaa zichanganywe na kuhamishiwa njia moja, kisha nyingine zirekodiwe, na vipande vya utepe vikatwe kwa wembe na kuunganishwa. Utepe ulipitishwa mara nyingi mno hata ukaanza kuchakaa na kupenyeza mwanga. Baker ameeleza pia kwamba kila Mercury alipofika na "Galileo" mwingine wa kuongeza, waliongeza kipande kingine cha utepe.

Hapa ndipo jina la wimbo linapopata maana yake iliyo wazi zaidi. Neno la Kiyunani lililozaa "rhapsody" linatokana na kushona na kuimba: mwimbaji wa kale wa tendi za Wayunani alionekana kuwa mtu anayeshona nyimbo pamoja. Kiswahili nacho kinalijua wazo hili. Kitenzi tunachokitumia kwa mshairi, kutunga, ndicho tunachokitumia kwa anayepitisha uzi katika shanga. "Bohemian Rhapsody" ni utungo kwa maana hiyo ya asili. Sauti za bila ala hufuatiwa na wimbo wa polepole wa piano, gita, opera, roki nzito, kisha utulivu wa mwisho. Hakuna kiitikio kinachorudi ili kuyashikanisha yote. Kinachoyashikanisha ni uzi wa mtunzi, na mshono huo ulionekana kwa macho kwenye utepe.

Wimbo ulipokamilika ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, na wakubwa wa kampuni ya santuri waliona kuwa redio hazingeupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, alipewa nakala akaupiga mara 14 katika wikiendi moja. Hatimaye ulikaa wiki tisa katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Wimbo ulioshika nafasi hiyo baada yake mnamo Januari 1976 ulikuwa "Mamma Mia" wa ABBA, maneno mawili ambayo yamo pia ndani ya wimbo wa Queen. Mpenda ishara angeweza kuandika kurasa nyingi kuhusu jambo hili. Lakini ni sadfa, na uhakiki usioweza kuitofautisha sadfa na maana hauna mahali pa kusimamia.

Funguo Nyingi za Mlango Mmoja

Kwa muhtasari, katika wimbo huu kijana anamkiria mama yake kwamba ameua mtu, anayaaga maisha, anashindaniwa na makundi mawili ya sauti, moja likitaka aachiliwe na jingine likikataa, kisha anaasi, na mwisho anakubali kwamba hakuna tena lenye uzito kwake. Usomaji unaojulikana zaidi waweza kugawanywa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la waandishi wa wasifu wanaodai kwamba mtu aliyeuawa ni Mercury wa zamani, na kwamba wimbo ni tangazo lililofichwa la mapenzi yake kwa wanaume. Fungu la pili linaona athari za vitabu: riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1942 kuhusu muuaji anayesubiri kukatwa kichwa, au kisa cha Faust aliyemuuzia shetani roho yake. Fungu la tatu linarejea Unguja na kuona katika kumuaga mama kijana anayekimbia Mapinduzi ya 1964. Fungu la nne ni la Irani, ambako mkusanyiko wa nyimbo za Queen uliruhusiwa rasmi mwaka 2004. Kanda hiyo iliambatana na maelezo yaliyofafanua kwamba kijana ameua bila kukusudia, ameiuza roho yake, na usiku wa kuamkia kunyongwa anamwita Mwenyezi Mungu.

Mtunzi mwenyewe hakuwa na msaada. Kwa upande mmoja inasimuliwa kuwa alimwambia Everett kwamba maneno yale yalikuwa vina visivyo na maana maalumu. Kwa upande mwingine aliwahi kusema kwamba wimbo haukuzuka hewani tu, bali aliufanyia utafiti, ingawa opera yake ilikuwa ya kimzaha. Kauli hizi mbili haziafikiani kikamilifu, na zaidi ya hizo aliwaachia wasikilizaji waamue. Tangu Wimsatt na Beardsley walipoandika mwaka 1946 kuhusu kosa la kuihukumu kazi kwa nia ya mtunzi, wahakiki wengi wamekubali kwamba kauli ya mtunzi si hati ya kumiliki maana. Mfano huu unazidisha hoja hiyo, kwa kuwa hata anayetaka kumtii mtunzi hajui amtii katika kauli ipi.

Katika mafungu hayo manne kuna jambo la kushangaza. Nafsineni ya wimbo inakiri kuua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kwenda kuitafuta maiti. Kila msikilizaji anajua kwamba mauaji hayo ni ya kubuni. Lakini msikilizaji yuleyule, akishakubali kwamba ungamo lililo wazi ni la kubuni, hugeuka akatafuta chini yake ungamo jingine analoliita la kweli. Kwa kanuni gani nusu ya kauli ya nafsineni iwe sanaa na nusu iwe ushahidi? Uhakiki wa kiwasifu haujalijibu swali hili.

Neno "Bismillah" ndani ya Matini

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwa wanaoidai Zanzibar ni neno "Bismillah", na ni haki lichunguzwe lilivyotumika. Katika ushairi wa Kiswahili, kulitaja jina la Mungu kuna mahali pake. Tenzi nyingi za kale hufunguliwa kwa jina hilo. Mtunzi huomba idhini na baraka, kisha ndipo aitishapo wino na karatasi. Katika maisha ya kila siku pia neno hili ni la mlangoni: hutangulia chakula, safari, na kazi. Bismillah hufungua.

Katika wimbo wa Queen neno hili halifungui chochote. Linakuja baada ya nusu ya wimbo, katika kilele cha mabishano, na linatamkwa na kundi linalokataa kumwachilia kijana. Ni neno la kufunga mlango. Linafanya kazi ya kiapo: wanaokataa wanaapa kwa jina kubwa kuliko yote ili kukataa kwao kusipingwe. Matumizi haya yana nguvu kubwa ya kidrama, na sauti ya neno lenyewe, lenye mkazo na lamu maradufu, inalipa kundi hilo uzito wa mahakama. Lakini si matumizi ya mapokeo ya Kiswahili, bali ni kinyume chake.

Aidha, neno hili halisimami peke yake. Linaandamana na Scaramouche, mhusika wa vichekesho vya jukwaani vya Italia; na Galileo, mwanasayansi wa Italia ambaye wengine wamedhani aliingizwa kwa heshima ya Brian May, aliyekuwa mwanafunzi wa elimu ya anga. Linaandamana pia na Figaro, kinyozi aliyetiwa katika opera na Mozart mwaka 1786 na Rossini mwaka 1816, na Beelzebub, jina la mkuu wa mashetani katika Biblia. Haya ni majina yaliyokusanywa kwa ukubwa wa mlio na wa jukwaa. Kulichomoa moja na kulifanya kitambulisho cha taifa, huku yale mengine yakiachwa kuwa mapambo, ni upendeleo usiotokana na matini. Kwa mantiki hiyohiyo Mwitaliano angekuwa na madai makubwa zaidi.

Hili halina maana kwamba Unguja haimo kabisa. Inawezekana kwamba mtu aliyepitia Zanzibar, Panchgani na Feltham kabla ya kutimiza miaka 20 alizoea kusikia lugha kama sauti kabla ya kuzisikia kama maana, na kwamba kuchanganya lugha hakukumtia hofu. Lakini hilo ni pendekezo kuhusu mwelekeo wa fani yake, na litabaki pendekezo. Halitoi tafsiri ya fumbo.

Wasifu Kama Shahidi

Je, wasifu utupwe? Mhakiki wa Kenya hawezi kusema hivyo kirahisi. Diwani ya Abdilatif Abdalla, *Sauti ya Dhiki* (1973), ilitungwa gerezani, alikofungwa kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, "Kenya: Twendapi?". Msomaji asiyejua kifungo hicho ataliona shairi kama "Mamba" kuwa habari ya mnyama tu. Hapa wasifu unaisaidia matini kusema ilichokusudiwa kusema. Tofauti ni kwamba diwani yenyewe inauita wasifu huo. Jina lake linataja dhiki, mashairi yanazungumza na wafungaji na wafungwa, na mafumbo yake yana upande mmoja ambao jamii ya wakati ule iliweza kuutambua. Fumbo la Kiswahili, kwa desturi, hufumbiwa mtu ajuaye. Lina mwenyewe na lina jibu.

"Bohemian Rhapsody" haina mwito wa namna hiyo. Haitaji mahali, haitaji wakati, na baadhi ya majina yake yametoka katika michezo ya jukwaani. Kigezo kinachopendekezwa hapa basi ni chepesi: wasifu uitwe kutoa ushahidi pale matini inapouita, na uache kuwa hakimu pale matini inaponyamaza.

Kigezo hiki si suala la wasomi peke yao. Mwaka 2006 palipangwa kufanywa sherehe Zanzibar kwa ajili ya miaka 60 tangu Mercury azaliwe. Kikundi cha kidini kikapinga kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, na sherehe ikaachwa. Mwaka 2019 jumba la makumbusho lenye jina lake lilifunguliwa Shangani, na sasa wageni hupita humo. Pande hizi mbili zinaonekana kupingana, ilhali zinaafikiana katika jambo moja la msingi: zote zinamtazama mtu. Upande mmoja unamkataa kwa alivyoishi, mwingine unamdai kwa alikozaliwa. Mhakiki anayeugeuza wimbo kuwa hati ya ungamo, hata akifanya hivyo kwa huruma, anampa silaha yule atakayeisoma hati hiyohiyo kwa chuki. Nafsineni ikishachukuliwa kuwa ndiye mtunzi, hakuna mtunzi atakayethubutu kuimba kwa sauti ya muuaji, mlevi au mwasi bila kuulizwa alifanya hayo lini.

Hitimisho

Mercury alifariki dunia tarehe 24 Novemba 1991. Wimbo ulitolewa tena mwezi uliofuata ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa mara ya pili, na mapato yakatolewa kwa shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Wasikilizaji wengi wakati huo waliyasikia maneno ya kuaga kana kwamba yaliandikwa kwa ajili ya kifo hicho, ingawa yalikuwa na umri wa miaka 16. Hawakukosea. Walikuwa wakifanya kile ambacho hadhira ya taarabu hufanya pale mtu anapoinuka kwenda kutunza wimbo uliotungwa kabla yeye hajapatwa na mkasa wake, na kwa kuinuka kwake akaupa wimbo maana ya usiku ule. Maana hiyo ni halali kwa aliyeinuka. Haiwi kosa mpaka itakaporudishwa nyuma na kudaiwa kuwa ndiyo iliyokuwa moyoni mwa mtunzi.

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kisa kilicho nyuma ya "Bohemian Rhapsody" kimehifadhiwa mahali panapofikika: katika karatasi za kalenda zilizofutwafutwa, katika nafasi iliyoachiwa opera kabla opera haijakuwapo, na katika utepe uliokatwa na kuungwa. Iko haja kwa wahakiki wa fasihi simulizi na ya nyimbo katika Kiswahili kuzipa hatua za utunzi uzito uleule zinaoupa nia ya mtunzi. Rekodi za zamani za taarabu na dansi za Afrika Mashariki bado zina mafundi mitambo, wapigaji na waimbaji walio hai wanaokumbuka ni beti zipi ziliachwa na kwa nini. Hao wanapaswa kuhojiwa wangali wapo.